Kadi za Mkono: Mkunjo Unapopasuka, Gundi Inapokunjamana, Wino Unapogoma

Wanaoanza kutengeneza kadi za salamu kwa mkono hukwama karibu mahali pamoja. Kadi iliyo kichwani ni nzuri. Iliyo mezani imepasuka mgongo, imejipinda, na maneno yamechafuka. Hapo wengi huamua kwamba hawana kipaji, au hununua mapambo zaidi ili kufunika kasoro, na siku ya tatu vifaa vyote vimerudishwa kabatini. Inaniuma kila nikiliona hilo, kwa sababu kasoro nyingi za kadi hazitoki mkononi. Zinatoka kwenye karatasi ambayo mtu bado hajaijua, na karatasi hujulikana kwa majaribio ya dakika chache. Kwa hiyo kila dalili hapa chini naichunguza kwa kuanza na karatasi, kisha gundi na wino. Mkono nauweka mwisho.

Unaweza kwenda moja kwa moja kwenye dalili inayokusumbua, ila sehemu ya kwanza usiiruke. Nusu ya zinazofuata zinaitegemea.

Mkunjo umepasuka, una manyoya, au umekwenda upande

Karatasi ya kiwandani hutengenezwa kwa rojo la nyuzinyuzi linalomwagwa juu ya wavu unaokwenda kasi, na nyuzi nyingi hulala kufuata mwendo wa wavu huo. Karatasi ikishakauka huwa na mwelekeo, hata kama jicho halioni. Ukikunja kwa kufuata nyuzi, mkunjo unakaa laini na umenyooka. Ukikunja kwa kuzikata nyuzi, zinavunjika moja moja na mgongo wa kadi unapasuka, hasa kwenye karatasi nzito ya gramu 250 au 300 kwa mita ya mraba.

Namna ya kuujua mwelekeo ni rahisi. Shika karatasi na uipinde taratibu bila kuikunja, kwanza ukikutanisha kingo ndefu, kisha kingo fupi. Upande mmoja utakupinga, mwingine utakubali. Pale inapokubali, mgongo wa mpindo unafuata nyuzi. Kama bado una shaka, chana kipande cha pembeni: mchano unaofuata nyuzi huenda karibu moja kwa moja, unaozikata huyumba na kuacha ukingo wenye meno. Ukishaujua, tia alama ndogo ya mshale kwa penseli kwenye kona ya kila karatasi ya akiba.

Sasa jambo linalowapata wengi bila kujua sababu. Karatasi za A4 mara nyingi huwa na nyuzi zinazofuata upande mrefu, ule wa milimita 297. Ukiichukua A4 na kuikunja katikati upate kadi ya A5, mkunjo wako unazikata nyuzi zote. Lakini ukiikata kwanza vipande viwili vya A5, kisha ukunje kila kipande katikati, nyuzi zinakuwa sambamba na mkunjo, nawe unapata kadi mbili za A6 zenye mgongo safi. Karatasi ni ileile na mkono ni uleule, lakini matokeo ni tofauti kabisa. Ndiyo maana kwa anayeanza napendelea A6 kuliko A5. Ukitaka kadi ndefu, kunja A4 kwa urefu wake halafu ipunguze iwe na kimo cha milimita 210. Hapo pia mkunjo unafuata nyuzi, na kadi inaingia kwenye bahasha ndefu ya kawaida, ile ya milimita 110 kwa 220.

Pima kila karatasi kabla ya kuiamini, lakini. Zipo A4 ambazo nyuzi zake hufuata upande mfupi, na karatasi kubwa za manila ukizikata mwenyewe zinaweza kuwa na mwelekeo wowote.

Chanzo cha pili cha mpasuko ni kukunja bila mfuo, yaani bila kuudidimiza kwanza mstari wa kukunjia. Weka karatasi juu ya kitu chenye ulaini kidogo, kama gazeti lililokunjwa mara kadhaa, weka rula, kisha pitisha bolpeni iliyokwisha wino au mgongo wa kisu cha mezani mara mbili tatu. Usikandamize hadi karatasi ikatike. Unachotaka ni kuzilaza nyuzi. Upande wa pili patatokea tuta dogo. Tuta hilo liingie ndani ya mkunjo, na mfuo ubaki nje. Wengi hufanya kinyume kwa sababu karatasi inaonekana kukubali kwa urahisi, lakini upande wa nje ndio unaovutwa, na mfuo ukiwa huko karatasi inapata nafasi ya kuzunguka bila kuchanika. Kwa karatasi nzito sana piga mifuo miwili iliyoachana milimita moja.

Kama umefanya yote hayo na bado mstari mweupe unaonekana mgongoni, tazama ukingo wa karatasi. Ikiwa ni nyeupe katikati na rangi iko juu tu, mstari huo utakuwepo siku zote. Pitisha penseli ya rangi inayofanana, au tumia karatasi iliyotiwa rangi hadi ndani.

Mkunjo uliokwenda upande huwa umetokana na kukunja kwa kukisia. Kutanisha kona mbili, zishike, ndipo ushuke kwenye mkunjo kutoka katikati kwenda nje kwa mgongo wa kijiko. Weka kipande cha karatasi nyepesi kati ya kijiko na kadi, la sivyo utaacha alama inayong'aa. Na kingo zikikosa kukutana hata baada ya hapo, usiukunje upya mkunjo ule. Kata kingo zilingane.

Kadi imejipinda au uso wake umefanya mawimbi

Gundi nyeupe ya maji ina maji, na nyuzi za karatasi zikinywa maji huvimba kwa upana zaidi kuliko kwa urefu. Karatasi inatanuka upande mmoja, halafu gundi inakauka na kuvuta. Kilichobaki juu ya meza ni kadi iliyojikunja.

Tazama aina ya mpindo kabla hujatafuta dawa, kwa sababu kuna makosa matatu tofauti yanayofanana kwa mbali.

Mawimbi madogo madogo katikati ya picha yanamaanisha gundi nyingi, au gundi iliyorundikana mahali. Tone moja katikati si njia ya kubandika karatasi. Chukua kipande cha kadi kuukuu kama mwiko, sambaza gundi hadi ubaki utando tu, anzia katikati ukitoka nje, na ishia milimita mbili au tatu kabla ya ukingo. Ukibandika, gundi itajisogeza yenyewe hadi pembeni bila kutoka nje.

Kadi nzima ikipinda kama upinde kuelekea mbele, karatasi uliyobandika ilipanuka ikiwa na maji, kisha ikasinyaa ikiwa imeshashikamana. Dawa ya uhakika ni kusawazisha: bandika ndani ya ukurasa uleule karatasi ya uzito uleule, gundi ileile, nyuzi zikielekea upande uleule. Mivuto miwili inapingana na kadi inanyooka. Karatasi hiyo ya ndani si hasara hata kidogo, kwa kuwa ndipo utakapoandika salamu zako.

Na kama kadi imejipinda kimshazari, kona moja juu na nyingine chini, karibu kila mara nyuzi za karatasi ya juu zimepishana na za chini. Hiyo huwezi kuitibu kwa kuigandamiza. Itanyooka usiku na kujipinda tena mchana. Bandua kama bado mbichi, au anza upya ukiwa umeangalia mishale yako ya penseli.

Kwa hali zote tatu, kadi iliyobandikwa kwa gundi ya maji ilale chini ya vitabu vizito hadi kesho yake, ikiwa katikati ya karatasi mbili safi zisizo na maandishi. Karatasi za gazeti huacha wino. Usiikaushe juani wala kwa mashine ya kukaushia nywele. Upande mmoja utatangulia kukauka na tatizo litaanza upya.

Kuna wanaoamua kuachana na gundi ya maji kabisa. Nawaelewa. Tepu ya pande mbili haina maji, haikunjamanishi kitu, na kwa kubandika picha bapa juu ya kadi ni bora kuliko gundi yoyote. Tatizo lake ni kwamba haisamehe: ikigusa imegusa. Ibandike kwenye picha kingo zote nne, lakini bandua karatasi yake ya kinga kwenye kona tu kwanza, weka picha mahali pake, hakikisha imenyooka, ndipo uivute iliyobaki. Gundi ya kijiti nayo ina maji machache na inatosha kwa karatasi nyepesi, ila kingo zake huanza kuachia kadi ikikaa mahali pakavu. Selotepu ya kawaida iweke mbali na kadi unayotaka itunzwe. Hugeuka njano na gundi yake huhamia kwenye karatasi.

Pambo halishiki

Hapa maelezo ni mafupi. Ikiwa uso wa karatasi unateleza, gundi haina pa kuingia. Ukwangue taratibu kwa msasa laini pale tu pambo litakapokaa. Ikiwa pambo ni zito, kama kifungo au shanga, karatasi itachanika kabla ya gundi kuachia, kwa hiyo lishone kwa uzi, ufunike mishono kwa karatasi ya ndani. Utepe wa kitambaa hunywa gundi ya maji na kutoa doa; tumia tepu ya pande mbili au fundo. Vumbi la kumetameta likiendelea kupukutika, gundi chini yake ilikuwa imeanza kukauka ulipolimwaga. Hakuna dawa nzuri ya baadaye. Mpokeaji ataliokota nyumbani kwake wiki nzima, na kwa maoni yangu hilo peke yake linatosha kuliacha.

Maneno yamesambaa, au yamechafuka

Haya ni matatizo mawili, na dawa ya moja huzidisha jingine.

Wino uliosambaa umetoa vinyuzi pembeni mwa herufi, kwa sababu karatasi inanyonya mno. Karatasi laini isiyong'aa, karatasi za kutengenezwa kwa mkono, na karatasi iliyokaa mahali penye unyevu hufanya hivyo sana. Badili kalamu: wino mzito wa bolpeni au kalamu yenye wino wa rangi isiyoyeyuka hukaa juu, ilhali wino mwepesi hukimbia. Ukilazimika kutumia wino mwepesi, andika haraka zaidi. Kalamu inayotua inaendelea kumwaga.

Wino uliochafuka umeburutwa na kidole au kiganja kabla ya kukauka, na mara nyingi karatasi ndiyo iliyokuwa haina unyonyaji. Kalamu za jeli juu ya karatasi inayong'aa huchukua muda mrefu kuliko unavyodhani. Jaribu mstari kwenye kipande cha karatasi hiyohiyo, usubiri dakika moja, ukipitishie kidole. Ukichafuka, ongeza muda au badili kalamu. Unapoandika kwenye kadi yenyewe, laza karatasi safi chini ya kiganja. Anayeandika kwa mkono wa kushoto aigeuze kadi kidogo ili mkono upite chini ya mstari badala ya juu yake.

Tatizo la tatu hujitokeza pale tu rangi inapokutana na mistari: umechora ua kwa kalamu, ukapitisha brashi ya rangi ya maji, na mistari ikayeyuka kuwa moshi. Wino wako unayeyuka kwa maji. Ama tafuta wino usioyeyuka, uuache ukauke kabisa, au paka rangi kwanza na uchore mistari mwishoni. Njia zote mbili zina heshima yake. Kadi ya kwanza ya Krismasi kuuzwa, ile iliyochapwa London mwaka 1843 kwa agizo la Henry Cole, ilichapwa mistari kwanza kisha ikapakwa rangi kwa mkono, na haya ni yaleyale unayoyafanya wewe mezani kwako.

Kwa wanaochapa maneno kwa printa: printa nyingi za wino hutumia wino unaoyeyuka kwa maji, basi usipake rangi ya maji juu yake. Printa za leza huyeyusha unga wa plastiki juu ya karatasi. Maji hayaugusi, ila kalamu za rangi zenye spiriti zinaweza kuuvuruga.

Ushauri ninaousisitiza kuliko wote katika sehemu hii: salamu iandike kwenye karatasi ya pembeni, kisha uibandike ndani ya kadi. Neno likikosewa unapoteza kikaratasi, si kazi ya jioni nzima. Mkono nao hautetemeki pale ambapo kosa halina gharama.

Muhuri umeacha mapengo

Mihuri ya mpira, na ile unayoichonga mwenyewe kwenye kifutio, hutoa picha pungufu kwa sababu nne hivi. Muhuri mpya una utando wa mafuta unaofukuza wino: uoshe kwa sabuni, ukaushe, uusugue kidogo kwa kifutio. Meza ni ngumu na haiko sawa: weka kurasa chache za gazeti au kipande cha sponji nyembamba chini ya karatasi. Wino haukufika kila mahali: geuza muhuri juu, gusagusa kwa kidau cha wino, yaani kile kisponji kilicholoa wino, mara nyingi nyepesi, badala ya kuukandamiza muhuri ndani ya kidau. Na mwisho kabisa, shinikizo halikuwa sawa: shuka wima, kandamiza kila kona kwa kidole cha mkono wa pili, inuka wima.

Picha ikiwa na kivuli pembeni, ulitikisa muhuri. Ikiwa na alama za ajabu nje ya picha, wino ulipanda kwenye sehemu zilizochongwa. Zifute kwa kitambaa kabla ya kupiga, au zichonge zaidi.

Ukingo una meno

Wembe umechoka. Kwa kweli ndiyo hivyo karibu kila mara, na watu huendelea kulaumu mkono. Karatasi hufuta makali upesi, basi vunja ncha ya kisu cha karatasi kabla hujahisi haja. Tumia rula ya chuma. Ya plastiki hulika na kisu hupanda juu. Iweke rula juu ya sehemu unayoitaka, ili kisu kikiteleza kiharibu takataka, na vidole vikae mbali na ukingo. Karatasi ya gramu 300 ipitie mara tatu nne kwa wepesi. Anayetaka kuikata kwa mpito mmoja hukandamiza, rula inasogea, na hapo ndipo majeraha hutokea.

Umbo la kuinuka linachungulia nje, au kadi haifungiki

Kadi ambayo umbo huinuka inapofunguliwa ndiyo inayowavutia wengi kwenye kazi hii, na ndiyo inayowakatisha tamaa, kwa sababu inafuata hesabu. Hesabu yenyewe ni ndogo, na ukishaielewa utabuni maumbo yako mwenyewe.

Anza na lililo rahisi. Kunja kadi, kisha kata mikato miwili sambamba inayoanzia kwenye mkunjo, kila mmoja ukiingia milimita 30. Fungua, sukuma ukanda ule uingie ndani, na umepata ngazi ndogo. Kadi ikifungwa, ncha ya ngazi inafika umbali wa mara mbili ya mkato, yaani milimita 60 kutoka kwenye mkunjo. Kadi ya A6 iliyokunjwa ubavuni ina upana wa milimita 105, kwa hiyo kila kitu kinabaki ndani. Ukikata mikato ya milimita 55, ncha itafika 110 na kuchungulia nje.

Ukanda wa kubandika, yaani kipande cha karatasi unachokibandika kuunganisha kurasa mbili za kadi badala ya kuikata, unafuata kanuni hiyohiyo. Tuseme unashika ukurasa mmoja milimita 40 kutoka mkunjoni, na ukurasa wa pili milimita 30. Kuanzia kwenye ile 40, ukanda uende milimita 30, ukunjwe, kisha uende milimita 40 hadi ufike kwenye ile 30. Pande zinazotazamana ziwe sawa. Ncha yake kadi ikifungwa ni 40 jumlisha 30, yaani 70. Pande zisipolingana, kadi itagoma kufungika au itajikunja mahali ambapo hukupanga, na hakuna kuilazimisha kutakakosaidia.

Dalili zake nazisoma hivi. Kadi inafungika lakini picha uliyoibandika kwenye ukanda inatokeza: hesabu ya ukanda ni sahihi, picha ndiyo kubwa. Ishikize kwa tepu dhaifu, funga kadi, chora mstari pale inapotoka, punguza, ndipo ubandike. Kadi haifungiki hadi mwisho: pima pande zinazotazamana. Inafungika lakini inafumuka kila unapoiachia: mikunjo ya ukanda haikutiwa mfuo. Ukanda unachanika kwenye mizizi yake baada ya kufunguliwa mara chache: karatasi ni nyepesi mno, au nyuzi zimekatwa na mkunjo. Umbo halisimami wima bali limelala upande: mikato haikulingana urefu. Hapo usirekebishe. Funika tundu kwa karatasi ya nje na utengeneze ukanda wa kubandika juu yake.

Tengeneza kielelezo kwa karatasi ya bure kwanza. Hata wenye uzoefu hufanya hivyo kila wanapobadili kipimo.

Kadi inaanguka ikisimamishwa

Ama karatasi ni nyepesi, chini ya gramu 200 hivi, ama nyuzi zimelala mlalo na kadi inanyong'onyea mbele, ama mapambo yote yako juu. Shusha uzito uelekee chini, au bandika ukanda wa karatasi ngumu ndani ya ukurasa wa nyuma, nyuzi zake zikisimama wima.

Bahasha imekataa

Kadi ya A6 ni milimita 105 kwa 148, na bahasha yake ni C6, milimita 114 kwa 162. Kadi ya A5 inaingia C5, milimita 162 kwa 229. Mpango huu wa vipimo ulianza Ujerumani mwaka 1922, na ndio unaofanya nusu ya karatasi moja iwe sawasawa na karatasi ya kipimo kinachofuata. Kadi ikikataa kuingia ilhali vipimo ni sahihi, unene ndio uliokula nafasi: safu mbili za karatasi ngumu na utepe hutosha kuifanya ikwame. Punguza kadi milimita tatu kila upande au tengeneza bahasha yako, ukiongeza milimita sita kwenye urefu na upana, na unene wa kadi mara mbili.

Kwa kadi itakayopita posta, vifungo, shanga na nta iliyopigwa muhuri juu ya bahasha hunasa kwenye mashine za kuchambua barua, na vilivyo ndani huacha alama upande wa pili wa kadi. Weka kipande cha karatasi ngumu juu ya uso wenye mapambo kabla ya kufunga, na anwani iandike kabla kadi haijaingia, si baada.